Maisha ya Guglielmo Marconi, Mtu wa Simu ya Upepo

Katika pwani yetu, tangu Mocímboa da Praia mpaka Palma na Quionga karibu na mto Ruvuma, ni nadra kukuta kijiji kisicho na redio. Wazee huisikiliza jioni barazani, wavuvi huichukua chomboni wakiifunga katika mfuko wa nailoni isilowe, na mama zetu huiweka karibu na jiko. Tumeizoea hata hatuulizi tena ilitoka wapi. Basi katika toleo hili nimependa kuwaandikia wanafunzi wenzangu, pamoja na kaka zetu waliokwisha maliza masomo hapa, habari za maisha ya Guglielmo Marconi. Watu wengi husema kwamba ndiye aliyevumbua redio. Neno hilo ni kweli nusu tu, na sababu yake itaonekana mbele. Lakini liko jambo moja alilolishika kuliko wenzake wote wa siku zile, na jambo hilo lina manufaa hata leo kwa mtu mwenye redio ndogo ya betri mbili.

Marconi alizaliwa tarehe 25 Aprili, 1874, katika mji wa Bologna, nchi ya Italia. Baba yake, Giuseppe, alikuwa tajiri mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alikuwa mtu wa Ireland, wa ukoo uliojulikana kwa kutengeneza wiski. Kwa hiyo mtoto alikua akisema lugha mbili, Kiitaliano na Kiingereza, na jambo hilo lilimfaa sana baadaye. Hakuwa mwanafunzi hodari wa shule. Alitaka kuingia chuo cha wanamaji akakosa nafasi, na katika chuo kikuu cha Bologna pia hakuandikishwa. Wenzangu wanaoogopa mitihani wasifurahi upesi, kwa maana kijana huyo hakukaa bure. Alifundishwa umeme na mwalimu wa faragha, na profesa mmoja wa Bologna, Augusto Righi, aliyekuwa jirani yao, alimruhusu kuona vyombo vyake na kusoma vitabu.

Katika miaka ile wataalamu walikuwa wamekwisha kujua kwamba cheche ya umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana, yanayosafiri hewani upesi kama mwanga. Mskoti Clerk Maxwell aliyatabiri kwa hesabu, na Mjerumani Heinrich Hertz akayaonyesha kwa vyombo mwaka 1887 na 1888. Hertz alikufa mapema mwaka 1894. Marconi, aliyekuwa na umri wa miaka 20, alisoma habari za kazi yake wakati wa likizo milimani. Hapo akapata wazo moja tu, lakini lilimnyima usingizi: kama mawimbi haya yanapita hewani, kwa nini yasichukue habari za simu bila waya?

Akarudi nyumbani kwao Pontecchio, akaomba apewe vyumba vya juu vya nyumba, ambamo zamani babu yake alifuga viwavi vya hariri. Mama akakubali. Baba aliona ni kupoteza wakati na mali. Kijana akajifungia humo mchana na usiku. Chombo chake cha kupokea kilikuwa kichupa cha kioo chenye unga wa madini ndani yake. Wimbi likifika, chembe za unga hushikana na kupitisha umeme. Kisha nyundo ndogo hugonga kichupa ili chembe ziachane tena na kungojea wimbi jingine. Kichupa hicho hakukibuni yeye. Kilianzwa na Mfaransa Branly na Mwingereza Lodge; Marconi alikitengeneza upya tu kikawa kizuri zaidi. Siku moja mwishoni mwa mwaka 1894 alimwamsha mama yake usiku, akabonyeza kitufe upande mmoja wa chumba, na kengele ikalia upande wa pili, pasipo waya wowote kati yake.

Kulia kwa kengele chumbani ni jambo la ajabu, lakini halina faida nyingi. Wataalamu wenye elimu kubwa walikuwa wamefanya kama hayo, wakaridhika. Marconi hakuridhika. Mwaka 1895 alitoka nje na vyombo vyake, na hapo ndipo alipopata jambo lile nililolitaja mwanzo. Aliinua bamba la bati juu ya nguzo, akaliunganisha kwa waya na upande mmoja wa chombo chake. Waya wa upande wa pili akaufukia ardhini. Alifanya hivyo kwa chombo cha kupeleka na kwa chombo cha kupokea pia. Mara umbali ukaongezeka. Alipoinua nguzo zaidi, umbali ukazidi tena. Akaona kwamba urefu wa nguzo ukifanywa mara mbili, umbali huzidi kama mara nne. Mashine ilikuwa ile ile, na kichupa kile kile. Kilichobadilika ni waya uliopanda juu na waya ulioshuka chini.

Nyuma ya nyumba yao kuna kilima. Kaka yake, Alfonso, alitumwa kupeleka chombo cha kupokea ng'ambo ya kilima, mahali ambapo watu wa nyumbani hawawezi kumwona, naye akachukua bunduki. Waliagana kwamba habari ikifika apige risasi moja hewani. Marconi akabonyeza kitufe mara tatu, na mlio wa bunduki ukasikika kutoka nyuma ya kilima. Tangu saa ile ilijulikana kwamba kilima kile hakikuweza kuizuia simu ya upepo. Baba naye akaona kwamba ule haukuwa mchezo, akatoa fedha.

Mwanzoni mwa mwaka 1896 Marconi alisafiri pamoja na mama yake kwenda London, kwa sababu Uingereza ndiyo iliyokuwa na merikebu nyingi kuliko nchi zote, na merikebu baharini ndizo zenye haja ya simu isiyo na waya. Ndugu za mama yake walimsaidia, na mhandisi mkuu wa Posta, William Preece, akampa nafasi ya kuonyesha kazi yake. Tarehe 2 Juni, 1896, aliandikisha ombi la hati ya haki ya uvumbuzi wake. Mwezi wa Mei, 1897, habari zilivuka maji ya Bristol kutoka kisiwa cha Flat Holm mpaka Lavernock, mwendo wa kilomita 6 hivi. Katika Julai mwaka ule ule kampuni yake ikaanzishwa. Mwaka 1899 simu ya upepo ikavuka bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza, mwendo wa kilomita 50. Marconi alikuwa hajatimiza miaka 25.

Sasa nafikia habari ambayo sisi watu wa Msumbiji yafaa tuijue, maana ilitukia katika bahari ya nchi yetu. Mwezi wa Oktoba, 1899, vita vilianza Afrika Kusini kati ya Waingereza na Makaburu. Wahandisi sita wa kampuni ya Marconi walipelekwa huko na vyombo vyao, wakafika Cape Town mwezi wa Novemba. Vyombo vikapakiwa katika magari ya jeshi ili viandamane na askari bara. Ilikuwa mara ya kwanza duniani simu ya upepo kupelekwa vitani, nayo ilishindwa vibaya. Nguzo za kuinulia waya hazikuwapo. Walijaribu mianzi, lakini ilipasuka kwa jua na ukavu. Walijaribu vishada, lakini siku moja upepo ni mkali mno na siku ya pili haupo. Ardhi ya bara ile ilikuwa kavu kabisa, hata waya uliofukiwa haukufanya kazi yake. Tena radi za mara kwa mara zilijaza vyombo kelele.

Mapema mwaka 1900 wakuu wa jeshi wakaagiza vyombo viondolewe. Jeshi la maji likavichukua na kuviweka katika manowari tano zilizokuwa zikilinda ghuba ya Delagoa, yaani ghuba ya Lourenço Marques, mji ambao leo huitwa Maputo. Waingereza walikuwa wakitazama mizigo iliyopita katika bandari ile kwenda kwa Makaburu. Vyombo vile vile vilivyoshindwa bara vikafanya kazi vizuri humo, na manowari zikazungumza bila kuonana. Sababu ni nyepesi. Manowari ina mlingoti mrefu wa kuinulia waya, na mwili wake wa chuma umekaa katika maji ya chumvi, ambayo hupitisha umeme vyema kuliko ardhi kavu. Marconi mwenyewe, alipotoa hotuba London mwanzoni mwa mwaka ule, alieleza kwamba mashine hazikuwa na ila, zilikosa milingoti. Mwalimu mwenye kutaka mfano wa kuwaonyesha wanafunzi kazi ya antena na ardhi hana haja ya kwenda mbali. Aseme habari za Delagoa.

Marconi hakuyasahau hayo. Mwaka 1901 alitengeneza gari la mvuke lenye simu ya upepo ndani yake, nalo ni kama babu wa magari yote yenye redio. Juu ya paa aliweka mcheduara mkubwa wa bati, wazi ndani kama pipa lisilo na vifuniko, wenye urefu upatao futi 20. Gari likisafiri, mcheduara ulilazwa juu ya paa, likisimama, ukainuliwa. Na kwa kuwa gari haliwezi kupandwa ardhini kama nguzo, alitandaza wavu wa waya chini, ndio ukawa ardhi yake. Naomba msomaji aukumbuke wavu huo, kwa maana nitaurudia.

Mwaka huo huo Marconi aliazimia jambo ambalo wataalamu wengi walisema haliwezekani, yaani kuvusha habari katika bahari ya Atlantiki. Walisema mawimbi huenda moja kwa moja kama mwanga, na dunia ni mviringo, kwa hiyo yatapotea angani. Alijenga kituo kikubwa Poldhu, kusini magharibi mwa Uingereza, chenye milingoti 20 iliyosimama mviringo. Mwezi wa Septemba tufani ikaiangusha yote. Kituo cha pili, kilichojengwa Marekani, nacho kikaangushwa na tufani mwezi wa Novemba. Mtu mwingine angerudi nyumbani. Marconi aliwaagiza watu wa Poldhu wasimamishe milingoti miwili na nyaya chache, naye akapanda merikebu kwenda Newfoundland na wasaidizi wawili, Kemp na Paget, pamoja na vishada na mabaluni.

Huko, juu ya kilima kiitwacho Signal Hill, upepo wa baridi ulikuwa mkali. Baluni moja lilikatika likapotea. Kishada cha kwanza nacho kikachukuliwa na upepo. Cha pili kilisimama, kikivuta waya wa futi 500 juu angani, kikipanda na kushuka. Tarehe 12 Desemba, 1901, baada ya saa sita mchana, Marconi aliweka kisikizi sikioni akasikia nukta tatu fupi, ambazo ni herufi S katika alama za Morse, akampa Kemp naye asikilize. Mwendo ulikuwa kama kilomita 3,500. Wako wataalamu wenye shaka kama kweli walisikia, kwa sababu ilikuwa mchana na hapakuwa na karatasi iliyoandika alama zile. Lakini mwezi wa Februari, 1902, akiwa katika merikebu Philadelphia, Marconi aliandikisha habari katika karatasi mbele ya nahodha. Mchana zilifika kama kilomita 1,100 tu. Usiku zilivuka kilomita 3,000. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba mawimbi haya huenda mbali zaidi usiku. Baadaye ilifahamika kuwa juu sana angani kuna tabaka la hewa yenye umeme linaloyarudisha chini. Kila mtu wa pwani yetu ajuaye kwamba vituo vya mbali husikika baada ya magharibi anajua jambo lililoonwa kwanza na Marconi.

Faida kubwa ya kazi yake ilionekana baharini. Mwezi wa Januari, 1909, merikebu mbili, Republic na Florida, ziligongana katika ukungu karibu na Marekani. Kijana wa simu, Jack Binns, aliita msaada kwa saa nyingi katika chumba kilichovunjika ukuta, na watu wapatao 1,500 wakaokolewa. Mwaka huo Marconi alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Mjerumani Karl Ferdinand Braun. Aprili 1912 merikebu Titanic ilizama. Watu zaidi ya 1,500 walikufa, lakini wengine kama 700 waliokolewa na Carpathia, iliyoitwa kwa simu ya upepo. Mmoja wa watu wawili wa simu, Jack Phillips, aliendelea kuita mpaka mwisho, akafa. Tena kulikuwa na merikebu nyingine karibu zaidi, lakini mtu wake wa simu alikuwa amelala. Baada ya msiba huo sheria ikawekwa kwamba merikebu kubwa ziwe na mtu wa kusikiliza mchana na usiku. Kutoa sauti hakutoshi. Lazima awepo mwenye kusikia.

Mpaka hapo simu ya upepo ilikuwa ya nukta na mistari. Sauti za watu zililetwa na kazi za wengi wengine, kama Fessenden wa Canada. Tarehe 15 Juni, 1920, kutoka kiwanda cha Marconi mjini Chelmsford, mwimbaji Nellie Melba aliimba, akasikika katika nchi nyingi. Nairobi ilipata kituo chake mwaka 1928, Lourenço Marques mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1951 zikaanza Sauti ya Unguja na Sauti ya Dar es Salaam. Wazee wetu wa Cabo Delgado hukumbuka pia matangazo ya Frelimo yaliyotoka Dar es Salaam wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964, ambayo watu waliyasikiliza kwa siri, sauti imepunguzwa mpaka ikawa mnong'ono.

Mwaka 1919 Marconi alinunua merikebu, akaiita Elettra, akaifanya nyumba na karakana yake. Humo alichunguza mawimbi mafupi, ambayo wakubwa wengi waliyadharau. Akaona kwamba kwa nguvu ndogo tu huweza kufika mabara ya mbali. Mwezi wa Machi, 1930, Elettra ikiwa bandarini Genoa, alibonyeza kitufe na taa zikawaka Sydney, Australia. Mwaka 1931 alijenga redio ya Vatikani. Alikufa Roma tarehe 20 Julai, 1937, akiwa na miaka 63, na siku iliyofuata vituo vingi vya redio vilinyamaza kwa dakika mbili ili kumheshimu.

Si haki kumsifu mtu bila kusema na upande wa pili. Marconi aliingia chama cha Mafashisti mwaka 1923, akawa rafiki wa Mussolini, na Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935 aliunga mkono vita vile vya dhuluma juu ya nchi ya Kiafrika. Tena katika kazi yake alitumia vitu vya wengi, kama Hertz, Branly, Lodge, Tesla, Popov wa Urusi na Bose wa Bara Hindi. Mwaka 1943 mahakama kuu ya Marekani ilitengua sehemu ya haki zake. Ndiyo sababu nilisema mwanzo kwamba kumwita mvumbuzi wa redio ni kweli nusu. Nusu iliyo kweli ni hii: alikuwa mtu aliyeuinua waya akaukazania, wakati wengine wameridhika na kengele ya chumbani.

Kwa nini mambo haya yatuhusu? Tarehe 25 Aprili, 2019, siku ile ile ya kuzaliwa kwa Marconi, kimbunga Kenneth kiliipiga pwani ya Cabo Delgado. Kisiwa cha Ibo na vijiji vya Macomia na Quissanga viliharibiwa sana, na umeme na simu vikakatika. Tarehe 24 Machi, 2021, Palma iliposhambuliwa, simu zilikatika pia, na maelfu ya watu walikimbia bila kujua njia ipi ni salama. Desemba 2024 kimbunga Chido kikaingia Mecúfi. Mnara wa simu ukianguka, simu ya mkono ni kioo tu. Redio ya betri haina haja ya mnara wa jirani. Yaweza kusikia kituo kilicho mbali mamia ya kilomita, mradi mwenyewe ajue kuisikilizisha.

Mjomba wangu ni mlinzi wa ghala karibu na Palma. Yeye na mkewe hulala katika trela kuukuu lenye kuta za bati, la namna ile iliyoletwa kwa ajili ya makambi ya wafanyakazi. Ndani ya trela redio yake ilivuma tu, na nje ilisema. Alidhani redio imezeeka. Lakini redio ilikuwa nzima. Chumba cha chuma huzuia mawimbi kama mwavuli uzuiavyo mvua, na mtu akaaye ndani yake yuko kama wale wahandisi wa bara ya Makaburu, hana mlingoti wala ardhi. Likizo iliyopita tulifanya kama alivyofanya Marconi, na gharama yake ilikuwa ndogo.

Tulichukua waya mwembamba wenye ngozi ya plastiki, kama mita 10, tukaupitisha dirishani na kuufunga kwenye mnazi, mbali na bati. Mwisho wake tuliufunga kwa kamba ya nailoni, waya usiguse mti. Kwa mawimbi mafupi, ncha ya ndani tuliimenya tukaizungusha kwenye antena ya redio. Waya mrefu kupita kiasi haufai kwa redio ndogo, maana vituo huingiliana. Kwa mawimbi ya kati kazi ni nyingine, kwa sababu redio huyanasa kwa fimbo nyeusi iliyomo ndani. Hapo tuliuzungusha waya ule mara kumi katikati ya redio, kama mtu afungaye kifurushi kwa upana wake, kisha ncha ya pili tukaipeleka nje mpaka kwenye chuma kilichopigwa ardhini.

Chuma hicho tulikipiga mahali penye maji, pale mkewe anapomwaga maji ya kufulia. Trela lenyewe haliwi ardhi, kwa kuwa limekaa juu ya mipira ya magurudumu. Penye mchanga mkavu au mawe, mtu aweza kutandaza wavu wa waya chini kama Marconi alivyofanya kwa gari lake la mvuke. Kisha tulizima chaja ya sola na taa zake, na nusu ya mvumo ikatoweka, maana vyombo hivyo hutoa kelele zao wenyewe. Mwisho tuliigeuza redio polepole, kwa sababu fimbo ya ndani husikia vizuri ubavu wake ukielekea kituo. Usiku ule ule Kiswahili cha ng'ambo ya Ruvuma kikasikika wazi trelani, na habari za Pemba zikafuata. Mjomba alikaa kimya akisikiliza hali ya bahari mpaka mwisho.

Nawaonya wenzangu jambo moja. Radi ikianza kunguruma, hata mbali, toeni waya nje ya dirisha na kuuacha huko. Msingoje mpaka tufani iko juu ya paa. Habari za kimbunga huja siku kadhaa kabla yake. Huo ndio wakati wa kusikiliza, na kuwaambia jirani wasio na redio.

Marconi hakuwa na elimu kupita wakubwa wa wakati wake, wala hakuwa mtu asiye na lawama. Alikuwa na nguzo, waya na ardhi, pamoja na ukaidi wa kupanda tena kilimani baada ya tufani. Ukaidi hatuwezi kuununua, lakini nguzo na waya tunavyo, na ardhi tunayo. Nawaomba kila mmoja wetu, atakapokwenda kwao likizo, aitazame redio ya nyumbani, ainue waya wake, achimbie chuma chake, ili siku ya shida nyumba yao isiwe ile iliyolala wakati wenzao wanaita.